Namna ya Kulieleza Soko la Samaki Mpaka Msomaji Asikie Shombo

Mwanafunzi akiambiwa aandike insha kuhusu Soko la Feri la hapa Mtwara, aghalabu huanza hivi: “Soko la Feri ni zuri sana. Lina samaki wengi, wakubwa na watamu, na watu wake ni wachangamfu.” Sarufi haina kosa, upatanisho wa ngeli umekaa mahali pake, na mwalimu mwenye madaftari mengi mezani anaweza kuzipitisha sentensi hizo bila kuinua kalamu. Hata hivyo, ukilifuta neno Feri ukaweka Kilwa Masoko, Tanga au Bagamoyo, hakuna kingine katika aya hiyo kitakachohitaji kubadilishwa, na hapo ndipo penye kasoro.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuandika aya moja ya maelezo iliyo imara, awe mwanafunzi wa sekondari, mwandishi wa makala au mtunzi wa hadithi. Msimamo wangu niuseme mapema. Kiswahili kina vivumishi halisi vichache, yaani mashina kama -zuri, -refu, -eusi na -gumu yanayopokea viambishi vya ngeli, na mwandishi anayejifungia humo peke yake ataishiwa maneno kabla hajafika katikati ya ukurasa. Hazina ya kuelezea mambo kwa usahihi imewekwa kwingine: katika vitenzi, katika a-unganifu (ile -a ya “la kale” au “ya korosho”), katika -enye, katika tanakali za sauti, na zaidi ya yote katika midomo ya watu wanaoishika kazi yenyewe kwa mikono. Nitautumia mfano wa Feri alfajiri tangu mwanzo mpaka mwisho, nikitoka kidogo kwenda kwenye mikorosho na Mikindani pale samaki watakapokuwa hawatoshi.

Hatua ya kwanza: nenda na daftari, vivumishi viache nyumbani

Fika sokoni kabla jua halijapanda, wakati vyombo vinaingia. Kwa nusu saa ya kwanza andika nomino na vitenzi tu, na ujikataze kabisa kuandika neno lolote la sifa. Daftari langu la asubuhi moja lilikuwa hivi: mtumbwi unaburutwa, tenga linashushwa, maji yanachuruzika, dalali anapandisha bei, kijana anapiga pweza juu ya jiwe, mama anapangusa mizani kwa ncha ya kanga, kunguru wanasubiri. Hakuna kivumishi hata kimoja humo, na tayari picha imeanza kusimama.

Katika nusu saa ya pili, uliza majina. Usiandike “samaki” pale ambapo muuzaji anasema changu, kibua, kolekole, nguru au taa, na usiandike “chombo” ikiwa ni ngalawa, kwa sababu ngalawa ina mbao mbili za kuisawazisha ubavuni na mtumbwi wa kawaida hauna. Anayelisoma neno taa (la samaki, si la umeme) amekwisha kuuona ubapa wa mwili na urefu wa mkia, bila wewe kutaja -pana wala -refu. Watu wengi huamini kwamba maelezo hafifu yanatokana na uhaba wa vivumishi. Kwa jinsi nilivyoona katika kusahihisha insha, mara nyingi yanatokana na nomino iliyo pana mno, ambayo mwandishi anajaribu kuiokoa kwa kuirundikia sifa.

Hatua ya pili: mhoji -zuri mpaka akiri

Siku moja nilimwuliza bibi mmoja pale mnadani, baada ya shikamoo, kama kolekole aliyemweka mbele yangu ni mzuri. Alinitazama kwa huruma. “Mwalimu, usiniulize uzuri,” akasema, “mfunue shavu uone mwenyewe.” Nilimfunua, na ndani palikuwa pekundu. Akaniambia nitazame jicho, ambalo lilikuwa limetuna na kung'aa, kisha nimbonyeze mgongoni, na nyama ikarudi mahali pake mara nilipoondoa kidole. Somo hilo la dakika mbili lilinifaa kuliko vitabu kadhaa vya utunzi nilivyowahi kuvifundishia.

-Zuri ni hukumu, na hukumu hutanguliwa na ushahidi. Kila unapojikuta umeandika -zuri, -baya, -a kuvutia au -a kupendeza, jiulize ni kitu gani ulichokiona, ulichokigusa au ulichokinusa kilichokufanya utoe hukumu hiyo, kisha ukiandike kitu hicho na uifute hukumu. “Samaki mzuri” huwa samaki mwenye jicho lililotuna na matamvua mekundu. Ikiwa unaandika hadithi na msemaji ni mchuuzi, mwache aseme shavu kama anavyosema sokoni, na matamvua uyaache kwa somo la baiolojia.

-Kubwa na -a kale nazo zihojiwe vivyo hivyo. Boma la Mikindani ni la kale. Magofu ya Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani ni ya kale. Mifupa ya mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, ni ya kale. Boma lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895, Husuni Kubwa ni ya karne ya 14, na mifupa ile iliyochimbuliwa mkoani Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913 ina umri wa takriban miaka milioni 150. Neno moja limeambiwa liyabebe yote matatu, na ni wazi kwamba haliwezi. Na huyo mjusi, ambaye jina lake linatupeleka moja kwa moja kwa kile kidudu cha ukutani kinachokula mbu, hawezi kuokolewa na -kubwa hata ukiiongezea “sana” tatu. Lakini ukimwambia msomaji kwamba kiunzi chake kilichosimamishwa katika makumbusho ya Berlin kina kimo cha zaidi ya mita 13, ataona. Tarakimu ni njia halali ya kuelezea, mradi uwe na uhakika nayo.

Hatua ya tatu: angalia upatanisho

Hapa tupite upesi. Samaki ana uhai, kwa hiyo ni samaki mkubwa, wala si samaki kubwa, hata kama mtaani unasikia hivyo kila siku. Kamba ni ndefu, jiko ni jipya, tenga ni jekundu na matenga ni mekundu. Vivumishi vilivyotoka katika Kiarabu, kama safi, laini, ghali, imara na hafifu, havipokei kiambishi, hivyo vyombo ni safi na haviwezi kuwa visafi. Jambo moja tu nataka lisikilizwe kwa makini: upatanisho wenyewe humwadhibu mwandishi mwenye tamaa. Soma kwa sauti “mtumbwi mkubwa mrefu mweusi mzito” na utasikia m- ikigonga kama mchi kwenye kinu, mpaka maana ya maneno inapotea ndani ya mlio. Kivumishi kimoja kwa nomino moja kinatosha. Viwili ni ruhusa maalumu.

Hatua ya nne: kivumishi kikiisha, ingia katika kitenzi

Rangi ndizo zinazotufundisha njia hii vizuri zaidi. Zinazopokea viambishi vya ngeli ni tatu, -eupe, -eusi na -ekundu, na nyingi kati ya zilizosalia tumezikopa kutoka kwa vitu: kijivu kimetoka katika jivu, kahawia katika kahawa, zambarau katika tunda lake, manjano katika kiungo cha mchuzi, na ngozi ya mtu tunaiita ya maji ya kunde. Wazee waliotutangulia hawakusubiri kamusi iwapatie kivumishi. Walitazama jikoni na shambani, wakachukua kitu, wakaweka a-unganifu, na kazi ikaisha. Nawe unaweza kuendelea: rangi ya ganda la korosho mbichi, rangi ya tui la pili, rangi ya maji ya mto baada ya mvua ya kwanza.

Njia ya pili ni vitenzi vya kutendeka vinavyogeuzwa kuwa sifa kwa kirejeshi, na hapa Kiswahili ni tajiri kuliko tunavyokitumia. Neno “-zee” au “-a zamani” linafunika mambo mengi ambayo vitenzi huyatenganisha: kanga huchujuka, mbao hupauka, chokaa hubambuka, ukingo wa mto humomonyoka, jani hunyauka, bibo (tunda la mkorosho) lililokaa juani husinyaa, na bati huliwa na kutu. Ukizunguka katika mitaa ya Mikindani ukaandika “nyumba za zamani za kupendeza,” umeandika maneno matano yasiyoonyesha nyumba hata moja. Andika badala yake “kuta za mawe ya matumbawe zilizobambuka chokaa, na katika nyufa zake mmeota mtini,” na msomaji atakadiria umri mwenyewe. Kitenzi kina faida ambayo kivumishi hakina, nayo ni kwamba hubeba historia: kitu kilichochujuka kiliwahi kukolea rangi, na msomaji anakiona katika hali zote mbili kwa wakati mmoja.

Wachongaji wa Kimakonde wanaufahamu mti wa mpingo kwa namna hiyo. Anayeutazama kwa mbali huuita mweusi na kuondoka. Anayeuchonga anajua kwamba tindo hukutana kwanza na tabaka jepesi la rangi iliyofifia ya manjano, ndipo weusi uanze, na kwamba kipande cha moyo wa mti huo kikitumbukizwa ndooni huzama. Katika maelezo yako, kipande kilichozama ndooni kitasema -zito kwa sauti kubwa kuliko -zito yenyewe.

Hatua ya tano: panga milango ya fahamu, usiifungue yote

Macho yatajitokeza bila kuitwa, na kwa hiyo yahesabu kuwa yamekwisha kupata haki yao. Kazi ni ile minne iliyobaki.

Anza na kusikia, kwa sababu kitenzi hicho katika Kiswahili kina mipaka mipana kuliko sikio. Tunasikia mlio, tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa na maumivu. Huu si upungufu wa lugha. Ni nafasi aliyopewa mwandishi, mradi nomino inayofuata iwe mahususi. “Nilisikia harufu mbaya” ni sentensi iliyokata tamaa. Je, ni shombo la samaki wabichi, ambalo wengine huliita vumba? Ni uvundo wa kitu kilichooza kwenye unyevu? Ni ukungu wa magunia yaliyolala ghalani? Ni salfa inayopuliziwa mikorosho miezi ya maua ili kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, salfa ambayo hukaba koo kabla pua haijaitambua? Pia kumbuka kwamba lugha imekwisha kukutolea hukumu ndani ya kitenzi chenyewe: kinachonuka kinachukiza na kinachonukia kinapendeza, kwa tofauti ya irabu moja. Anayeandika “linanukia vizuri” amesema jambo moja mara mbili.

Ladha ina maneno mawili yanayotumika kupita kiasi, -tamu na -kali. Chai ni tamu, mchuzi ni mtamu, hadithi ni tamu, usingizi ni mtamu. Pilipili ni kali, jua ni kali, mbwa ni mkali, na mwalimu naye ni mkali. Maneno haya si mabaya, ila yamechoka, na yanahitaji kupumzishwa kwa kuyaita yale yaliyolala: chakula kisichotiwa chumvi ni chapwa, sukari au chumvi iliyofika kiasi imekolea, embe changa lina ugwadu, na bibo lina ukakasi. Bibo ni mfano ninaoupenda, kwa sababu ladha yake ina mwanzo na mwisho. Meno yanapozama, maji matamu yanajaa mdomoni na kutiririka mpaka kidevuni, na yakidondoka kwenye shati jeupe doa lake haliondoki kwa sabuni. Ndipo ukakasi unapofika nyuma ya ulimi na koo likajikunja kama limepakwa chokaa. Mwandishi anayesema bibo ni “tunda tamu” ameacha kula katikati.

Mguso ndio unaosahaulika kuliko yote, labda kwa sababu tunaandika tukiwa tumekaa. Turudi Feri: shika tenga, kanyaga mchanga uliolowa, pokea chenji kutoka katika mkono wa mchuuzi uone magamba yaliyoganda kwenye noti. Mkono huo una ute, kisha ute ukikauka ngozi inavutika kwa chumvi. Ukienda kwa wabanguaji wa korosho wanaotumia mikono, utazame vidole vyao, kwa kuwa mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na uandike ulivyoviona: vilivyobabuka, vilivyoingia weusi kwenye mikunjo ya viungo. Hapo hutahitaji kumwambia msomaji kwamba kazi hiyo ni ngumu.

Kuhusu sauti, tuna tanakali, na hapa nitoe onyo. Giza totoro, kimya jii, mweupe pe, mweusi tii, kujaa pomoni na kulala fofofo ni jozi zilizofunga ndoa zamani; msomaji akiliona la kwanza amekwisha kulitamka la pili, na hakuna kitu kipya kilichosikika. Zitumie katika masimulizi ya mdomo, ambako mdundo wake unahitajika, lakini katika maelezo sikiliza mlio uliopo. Pweza anayepigwa juu ya jiwe ili alainike hulia pwa, si pu, kwa sababu ameloa na ana mikono minane inayochelewa kufika. Korosho zilizoanikwa zikakauka, ukizikoroga kwa mkono turubaini, hugongana kwa mlio mkavu ambao zile zenye unyevu hazina. Andika unachokisikia, hata kama tahajia yake utaibuni mwenyewe, na uweke tanakali moja tu katika aya. Zikifika tatu, aya inageuka kuwa mchezo wa watoto.

Usifungue milango yote mitano katika aya moja. Chagua miwili au mitatu inayotawala mahali hapo. Feri ni mahali pa pua na sikio. Chini ya mikorosho ni ulimi na ngozi. Kwenye ukingo wa uwanda wa Newala, pale panapoitwa Shimo la Mungu, ambapo ardhi inaporomoka kuelekea bonde la Ruvuma, jicho lina haki ya kutawala peke yake.

Hatua ya sita: tashbihi zitoke karibu

“Meno meupe kama theluji” yameandikwa na watu wengi wa Lindi ambao theluji wameiona katika picha ya Kilimanjaro pekee. Kosa si kutaja theluji. Kosa ni kulinganisha kitu unachokijua na kitu usichokijua. Weupe wetu upo: mashamba ya chumvi saa sita mchana, weupe unaoumiza macho, tui la kwanza, weupe mzito unaoshikana na kijiko, chokaa mbichi, povu la mawimbi ya kusi. Kila mmoja ni weupe tofauti, na ndiyo maana tashbihi ina kazi ya kufanya.

Ukiandikia wasomaji wa mbali, usiache neno la kwetu kwa kuhofia kwamba hawatalielewa, ila liegemeze katika sentensi hiyohiyo. “Alinunua ming'oko, mizizi myembamba ya porini inayochemshwa na kuliwa kwa chumvi” inamtosha msomaji wa Arusha, na haimchoshi wa Nanyamba.

Hatua ya saba: majira yasikusute

Niliwahi kuandika kipande cha hadithi ambamo mhusika alipita chini ya mikorosho, mvua kubwa ya masika ikinyesha, huku akiokota mabibo yaliyoiva. Mhariri wa gazeti moja alikipokea bila neno. Aliyenisuta ni mjomba wangu mwenye shamba Tandahimba, aliyeniuliza kwa upole hiyo mikorosho nimeipata nchi gani, maana mikorosho yetu huchanua katikati ya mwaka na mavuno hukolea kuanzia Oktoba, na ikifika Machi mvua imeshiba lakini bibo hakuna. Lugha yote ya kipande kile ilikuwa sahihi, na hakuna mtu wa kusini angeniamini.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika, weka mwezi juu ya karatasi. Je, kusi inavuma au kaskazi? Bahari ni chafu au imetulia? Njia ya kijijini ni vumbi au tope? Mambo haya huamua ni vitenzi gani unavyoruhusiwa kuvitumia, kwa maana vumbi hutimka, tope hunata, na huwezi kuwa na vyote viwili katika njia moja ya asubuhi moja.

Hatua ya mwisho: soma kwa sauti, kata, kisha linganisha

Soma aya yako kwa sauti kama unamsomea mtu aliye chumba cha pili. Kila penye “sana,” “kabisa” au “mno,” futa na usikilize kama kuna kilichopungua. Palipo na sentensi mbili zinazothibitisha jambo moja, bakiza ile yenye kitu ndani yake. Yafuatayo ni maelezo ya Feri baada ya kupita katika hatua zote, na yalikatwa mara nne:

“Mtumbwi wa mwisho uliburutwa mchangani jua likiwa halijatoka, na maji yaliyochuruzika kwenye matenga yakachora mstari mweusi mpaka kwenye meza ya mnada. Dalali alimwinua kolekole kwa kidole alichokipenyeza shavuni. Jicho la samaki lilikuwa limetuna, na ndani ya shavu palikuwa pekundu kama pilipili iliyoiva. Hakuna aliyeuliza kama ni mzuri. Nyuma ya meza kijana alimpiga pweza juu ya jiwe, pwa, pwa, kwa mapigo ya mtu anayetwanga, na kila alipomwinua ute ulivutika kama utomvu wa fenesi. Upepo uliotoka mjini ulileta moshi wa makumbi ya nazi, na ulipotulia shombo likabaki peke yake. Mama mmoja alipangusa mizani kwa ncha ya kanga iliyochujuka, akainusa ile ncha, akaikunjia ndani.”

Vivumishi halisi vya sifa humo ni vitatu: mweusi, pekundu na mzuri, na huyo wa tatu ametajwa ili akataliwe. Kunguru waliokuwa katika daftari langu wameondolewa, ingawa niliwapenda, kwa sababu walilivuta jicho juu ya mapaa wakati pua ilikuwa bado ina kazi chini. Wao nimewahifadhi kwa aya ya pili, ya saa nne, wakati meza zinaoshwa.